Mangi Si Adui Yetu: Hotuba kwa Wakazi Wanaotaka Kununua Chakula kwa Ushirika

Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wajumbe wa mashina, wazee wangu, akina mama wa vikoba, vijana wa bodaboda mliosimama pale mlangoni: shikamooni wote mnaostahili shikamoo, na wadogo zangu marahaba. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Nimeitwa kwa sababu mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kununua chakula kwa pamoja kule mtaa wa pili, na mmesikia kwamba mchele wetu ni wa bei nafuu. Ni kweli. Ila naona wengine mmekuja na mifuko, kana kwamba nimeleta gunia. Sikuleta gunia, nimeleta hesabu. Na kabla ya hesabu niseme jambo moja, kwa sababu Mangi wenu yupo humu ndani, nimemwona amekaa karibu na dirisha. Mangi, karibu sana. Hapa Dar es Salaam hata mwenye duka akitoka Pemba tutamwita Mangi, kwa hiyo salamu hizi ni za wenye maduka wote.

Hatukuja kukufungia duka. Wewe unafungua alfajiri na kufunga watu wamelala. Unauza sukari nusu robo, unauza kiberiti kimoja, unaandika deni la mama ambaye mumewe hajalipwa. Hakuna ushirika utakaofanya hayo, na atakayewaambia unaweza kuyafanya, mwulizeni atapata wapi hela. Tunachotaka kwa ushirika ni vitu vitatu au vinne tu, vile vinavyokula hela nyingi zaidi jikoni. Vingine vyote vibaki kwako.

Sasa twende kwenye hela zinakopotelea.

Chukua chupa tupu ya lita moja, ioshe, ikauke. Kila siku nenda dukani ununue mafuta ya kula ya shilingi 500, yale ya kupimiwa, kisha uyamimine kwenye ile chupa bila kutumia hata tone. Hesabu ni mara ngapi mpaka ijae. Ikijaa kwa mara 14, basi lita yako umeinunua shilingi 7,000. Halafu uliza bei ya dumu la lita 20. Tuseme ni 90,000. Hapo lita ni 4,500. Bei mtaweka za kwenu wenyewe, maana mafuta hupanda na kushuka kila mwezi, lakini mpangilio hauwi mwingine: anayenunua dumu analipa kidogo, anayenunua lita analipa zaidi, na anayenunua kwa kipimo analipa kuliko wote. Mwenye gari analipa 4,500. Mama anayekaanga vitumbua vya kumi na moja alfajiri analipa 7,000. Mafuta ni yaleyale, yametoka dumu lilelile.

Mangi hajamwibia. Amenunua dumu, amelikalisha, amepima kidogo kidogo, mengine yamemwagika, mengine yamegandia kwenye kipimo, na mwisho wa mwezi kuna kodi ya fremu, umeme na leseni. Kazi ya kugawanya kitu kikubwa kiwe vidogo ina bei yake, na lazima alipwe mtu. Ushirika wa chakula ni pale nyinyi mnaposema: kazi hiyo tutaifanya wenyewe. Ukiona ushirika unaotaka bei ya jumla lakini hakuna anayetaka kushika mizani Jumamosi asubuhi, huo utakufa, na utakufa na hela za watu.

Naomba mtoe simu zenu, kokotoeni nami. Tuchukue mchele, kwa bei za mfano. Kaya 20. Tumenunua magunia manne ya kilo 100 pale soko la Tandale, kila gunia 250,000, jumla milioni moja. Kirikuu cha kubeba, 28,000. Kuli wa kupakia, 4,000. Nauli ya wanunuzi wetu wawili, 4,000. Mifuko ya kufungia, 4,000. Hiyo ni 1,040,000. Gawanya kwa kaya 20: kila kaya 52,000.

Je, kila kaya imepata kilo 20? Hapana. Gunia likifunguliwa na kupimwa kilo kilo, lazima lipungue. Kuna vumbi, kuna mawe, kuna punje zilizobaki kwenye mshono, kuna mizani inayopenda kuzidisha kwa jirani. Tuseme magunia manne yamepungua kilo tano. Kila kaya inaondoka na kilo 19 na robo tatu. Dukani, kwa 3,000 kwa kilo, mchele huo ni 59,250. Umeokoa 7,250.

Nasikia mnacheka. Naam, shilingi 7,250. Ndiyo maana nimeomba mkokotoe wenyewe, kwa sababu kuna watu wanapita mitaani wakisema ukijiunga na ushirika matumizi yako ya chakula yanapungua nusu. Hayapungui nusu. Lakini ongeza mafuta lita tano, pale unapookoa 1,000 kila lita ukilinganisha na bei ya lita dukani: 5,000. Ongeza maharage kilo nane, ukiokoa 400 kila kilo: 3,200. Ongeza unga kilo 25, ukiokoa 300: 7,500. Jumla inakaribia 23,000 kwa mwezi. Na yule mama wa mafuta ya kipimo, yeye anaokoa zaidi ya 30,000, kwa sababu ndiye aliyekuwa analipa sana. Kwa mwaka, hata yule wa kwanza amekaribia 276,000. Hapo sioni anayecheka.

Sasa, tununue nini na tusinunue nini. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vikundi vingi vinapoumia.

Sukari, acheni. Mangi mwenyewe faida yake kwenye sukari ni nyembamba, anaiweka ili uingie dukani ununue na kingine. Ukishatoa nauli na kirikuu, hamjaokoa kitu. Chumvi hivyohivyo. Nyanya, acheni kabisa: tenga la nyanya likifika Ilala za chini zimeshapondeka, na wakati mnasubiri mwanachama mmoja atoke kazini, nusu imeoza. Mboga za majani nunueni kwa mama wa genge, mumwache na yeye aishi. Viazi na vitunguu vinawezekana, ila kwa sharti moja: msinunue kwa macho. Gunia la lumbesa linavutia, limefunikwa na kofia ya kamba juu, unadhani umepewa bure. Wekeni kwenye mizani. Muuzaji anayekataa mizani ameshawajibu.

Mchele ni wa kuanzia, na hapa msitume mwanamume aliyevaa vizuri aende peke yake. Mtume mpishi. Mpishi anajua kwamba mchele mpya hushikana na hauongezeki sana sufuriani, na ule uliokaa huchambuka na kujaza. Atachovya mkono katikati ya gunia, sio juu. Sisi tuliwahi kuuziwa gunia ambalo juu lilikuwa safi kama la harusi na chini limejaa chenga na unyevu. Muuzaji simtaji, na siku hizi tunapiga bambo, kile chuma cha kuchomea gunia na kutoa punje za ndani, pande tatu kabla hela haijatoka.

Maharage nayo yana siri yake. Maharage yaliyokaa sana ghalani huwa ya bei rahisi, na mjumbe wenu wa manunuzi atarudi anatabasamu. Kisha yanachukua mchana kutwa kuiva. Kile ulichookoa kwenye kilo umekichoma kwenye mkaa. Kwa hiyo kabla ya kununua gunia, nunua robo kilo, nenda kapike, uangalie saa. Na fukusi hawana huruma: msinunue ya miezi mitatu kama hamna mifuko ile maalumu isiyopitisha hewa. Nunueni ya mwezi mmoja yaishe.

Kuhusu mahindi, najua mnafikiria mavuno. Kweli, mahindi ya nyanda za juu kusini yakianza kuteremka, katikati ya mwaka, bei hushuka, na ikifika Januari na Februari hupanda. Kishawishi cha kununua mengi Julai ni kikubwa. Lakini mahindi yasiyokauka vizuri, yakikaa kwenye chumba chenye joto na unyevu wa Dar es Salaam, yanaweza kushika sumukuvu. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu kwenye mahindi. Haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Kwa hiyo ushauri wangu: nunueni mahindi ya mwezi, kagueni, sagisheni pamoja. Anayetaka dona ajue haikai sana kama sembe, kwa sababu kiini chake kina mafuta na huchacha. Mkikoboa, pumba ni mali. Mfugaji wa kuku atainunua, na hela hiyo iingie kwenye hesabu, isiingie mfukoni mwa aliyekwenda mashineni.

Yule mama pale nyuma anatikisa kichwa tangu niliposema 52,000. Nimekuelewa, mama. Unasema: ningekuwa na 52,000 kwa mkupuo, ningenunua mafuta kwa kipimo? Hilo ndilo swali lenyewe, na ushirika usiolijibu ni ushirika wa wenye mishahara.

Jibu si jipya. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, wengi wao wafumaji na mafundi, walikuwa wanapunjwa kwenye maduka. Mizani ilikuwa ya uongo, vyakula vilichanganywa na uchafu, na wengi walifungwa na madeni ya duka hivyo hawakuweza kuhama. Walidunduliza senti kidogo kidogo hadi kila mmoja akatimiza pauni moja. Tarehe 21 Desemba mwaka ule wakafungua duka mtaa wa Toad Lane, wakiwa na siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa. Bidhaa zilikuwa chache kiasi hicho. Lakini waliweka sheria, na nyingi kati yake ushirika wa dunia nzima bado unaziiga: mtu mmoja kura moja, kipimo kamili, bidhaa safi, ziada igawiwe kwa kadiri ya kila mtu alivyonunua, na, sikilizeni hii, hakuna kukopesha. Wafumaji wale maskini, waliojua deni lina ladha gani, wakasema dukani kwetu ni taslimu tu.

Nasi ni vivyo hivyo. Shilingi 2,000 kila siku ya kazi, siku 26, ni 52,000. Mwenye kibarua anaweza kutoa 2,000 siku aliyopata, akapumzika siku aliyokosa, akatoa 4,000 siku ya mbingu kufunguka. Upatu mnaujua, kijumbe mnamjua. Tofauti ni kwamba hapa hamumpi mtu mmoja zamu yake ale, kila mmoja anakula mwisho wa mwezi. Asiyefikisha 52,000 atapata mchele wa kiasi alichofikisha. Hatumwaibishi na hatumkopeshi. Mwezi mkikopesha mmoja, mwezi unaofuata watakuwa sita, na mwezi wa tatu hamna gunia.

Mwingine atauliza kama lazima tuwe na duka. Hapana. Kule Tokyo, mwaka 1965, wanawake wapatao 200 walianza kwa kuagiza maziwa pamoja, chupa 300, kwa sababu bei ilikuwa juu. Leo chama hicho, Seikatsu Club, ni kikubwa mno, na kilikua kwa vikundi vidogo vya majirani: mnaagiza mapema, mzigo unafika, mnagawana. Hakuna rafu wala kitu kinachobaki kuoza, kwa sababu hakinunuliwi kisichokwisha kulipiwa. Mtaa wetu umeshagawanyika kwa mashina. Kila shina liwe kikundi, mashina yaungane siku ya kwenda sokoni tu.

Wazee wangu, naona sura zenu. Mnawaza: ushirika tena? Mna haki. Nchi hii iliwahi kujaribu. Mwaka 1962 ilianzishwa COSATA, ili maduka ya ushirika yapate bidhaa za jumla, na haikumaliza muongo. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: ya watu binafsi yafungwe, ya ujamaa na ya ushirika yashike nafasi. Kuna sehemu duka la zamani lilifungwa kabla jipya halijapata hata katoni ya sabuni. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na sheria ya kuvirudisha ikaja 1982. Na hapa mjini mnakumbuka maduka ya kaya, foleni ya sukari, balozi wa nyumba kumi akijua nyumba yako ina watu wangapi kuliko unavyojua mwenyewe. Aliyezaliwa wakati ule, ukimwambia tununue pamoja, anasikia foleni.

Sitawatetea waliopanga yale. Naona kosa lao moja kubwa lilikuwa kudhani ushirika unaweza kuamriwa. Mwanachama hakuchagua kuingia, hakuchagua muuzaji, na hakuweza kutoka. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, wakati wa mkoloni, na bado ipo, imepita kwenye mengi. Lakini angalieni: ushirika wetu mwingi Tanzania ni wa kuuza, kahawa, pamba, korosho. Wa kununua tumeuacha, na sisi wa mjini hatuna cha kuuza zaidi ya nguvu zetu. Kwa hiyo haya ninayoyasema yana mlango wa kuingilia na wa kutokea. Ukichoka, unachukua mchele wako wa mwisho na hisa yako, tunapeana mikono.

Sasa kazi. Pale Brooklyn, New York, kuna ushirika wa chakula uitwao Park Slope Food Coop, ulianza 1973, una wanachama zaidi ya 15,000. Hawaruhusu mtu kununua kama si mwanachama, na kila mwanachama lazima afanye zamu ya kama saa mbili na nusu na ushee kila baada ya wiki kadhaa: kupanga, kupima, kufagia, kukaa kwenye keshi. Daktari anafunga jibini, mwalimu anasukuma mikokoteni. Watu hulalamika sana kuhusu zamu hizo, na bado hawatoki, kwa sababu bei inawabakiza. Sisi zamu zetu ni nne tu: wa kwenda sokoni, wa kupima, wa kuandika, wa kufagia. Anayepima asiwe anayeandika. Anayekwenda sokoni mwezi huu asiende mwezi ujao. Hiyo naisisitiza kuliko yote niliyosema kuhusu maharage, kwa sababu anayekwenda sokoni kila mwezi huanza kuwa na dalali wake, na dalali huanza kuwa na zawadi zake.

Mizani iwe yenu, imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na ina alama yao. Risiti ipigwe picha na kuwekwa kwenye grupu la WhatsApp siku hiyohiyo kabla ya kirikuu hakijafika. Daftari likae wazi mezani wakati wa kugawana, na yeyote, hata mtoto wa sekondari aliyetumwa na mama yake, aruhusiwe kulisoma. Najua kuna watu wataona tunawashuku. Mimi ni mweka hazina na nashukuru nikishukiwa mapema, hela zikiwa bado ndogo.

Kuhusu usajili, sitawachosha. Mnaweza kuanza kama kikundi, na Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya manispaa itawaelekeza. Mkikua na mkataka kuwa chama cha ushirika chenyewe, kuna Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, kuna Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na kuna afisa ushirika ambaye ni wajibu wake kuja kuwasikiliza. Msikimbilie muhuri kabla ya mizani. Nimeona vikundi vyenye katiba nzuri, bendera na fulana, ambavyo havijawahi kugawana hata kilo moja.

Mwenyekiti, nimemaliza muda wangu. Katibu ana karatasi: anayetaka kuanza mwezi ujao aandike jina, namba ya shina, na kilo anazotaka za mchele peke yake. Msiandike mafuta wala maharage bado. Wanaohitajika kwanza ni wapishi wawili wa kwenda Tandale na mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka. Sasa nipokee maswali, na naomba nianze na Mangi, ameinua mkono tangu niliposema kiasi anachopata kwenye sukari.